Chombo Kisichofunguka

Insha nyingi za kitabu hiki nimeziandika kwa utulivu, kama inavyompasa mzee aliyekwisha kukabidhi ofisi na funguo za ghala. Hii siyo mojawapo. Hapa nagombana, na ninaogombana nao ni watengenezaji wa simu za mkononi, wale walioamua kwamba betri ya simu igandishwe ndani kwa gundi na nafasi ya memori kadi iondolewe. Nasema bila kumung'unya maneno: simu ya namna hiyo huuzwa kwa bei ya kitu kinachonunuliwa, lakini anayeilipia hupewa haki za mpangaji. Akae humo, atumie, ila asiguse ukuta. Na siku ya kuhama amekwisha kupangiwa na mwenye nyumba.

Najua nitakavyojibiwa. Nitaambiwa kwamba mzee wa miaka sabini na kitu, aliyesomea ualimu Butimba enzi za chaki na ubao, hana analolijua katika mambo ya simu janja. Nakubali kwamba siwezi kuchora mchoro wa saketi. Lakini kwa miaka zaidi ya ishirini nilikuwa mwalimu mkuu, na mwalimu mkuu wa shule ya msingi, pamoja na mengine yote, ni mtunza leja ya vifaa. Kila mwisho wa mwaka nilizunguka na leja mkononi nikiandika kipi kizima, kipi kinatengenezeka, kipi kifutwe. Safu ile ya katikati, "kinatengenezeka", ndiyo iliyoendesha shule. Fedha za vifaa vipya zilikuja kwa nadra, na kilichobaki kilikuwa bisibisi, msumari na fundi wa mtaani. Kazi hiyo humfundisha mtu kutofautisha kifaa kilichochakaa na kifaa kilichouawa.

Hebu tuvitazame vyombo tulivyokuwa navyo. Karabai lilikuwa na utambi, na utambi ulikwisha upesi kuliko kitu kingine chochote cha karabai. Baiskeli ilikuwa na mipira na breki. Redio na tochi zilikuwa na mawe, na mawe yalipochoka tuliyaanika juani yakapata nguvu ya kusikilizia taarifa ya habari ya saa mbili usiku. Mashine ya kudurufu mitihani ilikuwa na wino na stensili. Hakuna aliyewahi kutuuzia karabai ambalo utambi wake umechomelewa ndani ya kioo! Watu waliotengeneza vyombo hivyo hawakuwa malaika; walitaka faida kama wafanyabiashara wote. Lakini walifuata kanuni moja ambayo hata mwanafunzi wa darasa la tano anaielewa: kile kinachochakaa mapema kiwekwe mahali ambapo mkono wa mwenye mali unafika.

Betri ya simu ndiyo utambi wake. Betri za lithiamu ziliingia sokoni mwaka 1991 zikiuzwa na kampuni ya Sony, na mwaka 2019 wanasayansi watatu walioziwekea msingi, Goodenough, Whittingham na Yoshino, walipewa Tuzo ya Nobel ya kemia. Heshima hiyo waliistahili. Lakini betri hizo zina tabia yao: kila inapojazwa na kumalizwa, uwezo wake hupungua kidogo. Kwa miaka mingi kipimo cha kawaida cha betri ya simu kilikuwa kubaki na asilimia 80 ya uwezo wake baada ya kuchajiwa mara 500 hivi. Mtu anayemaliza chaji yake kila siku hufika hapo kabla ya mwaka mmoja na nusu kwisha. Tena joto huizeesha zaidi, na sisi tunaishi chini ya bati. Simu inayochajiwa juu ya dirisha la duka la Tabora mwezi Oktoba, au inayolazwa kwenye dashibodi ya daladala Dar es Salaam, haina bahati ya simu inayolala mezani Stockholm. Kwa hiyo kiungo kinachokufa kwanza, na ambacho kwetu hufa mapema zaidi, ndicho walichokizika chini ya kioo na gundi.

Wanaokumbuka simu za zamani hawahitaji kushawishiwa. Nokia 1100, iliyotoka mwaka 2003, iliuzwa zaidi ya milioni 250 duniani. Kifuniko chake cha nyuma ulikifungua kwa ukucha. Betri yake, BL-5C, ilipatikana katika kila kibanda kilichouza vocha, na iliingia katika simu nyingine nyingi za kampuni hiyo. Tulikuwa na chaja ya kobe, ile inayoibana betri peke yake kwa makucha yake mawili na kuwasha taa za rangi, na mwenye betri mbili hakujua shida ya giza. Tena kila mtu alikuwa mkaguzi. Ukitaka kujua kama betri imevimba, uliilaza mezani ukaizungusha kwa kidole. Ikizunguka kama pia, tumbo limekwisha kutoka, itupe. Leo betri huvimba gizani, ndani ya simu, na mwenye simu hupata habari siku kioo kinapoanza kunyanyuka pembeni.

Kuna matukio mawili ambayo ningependa yafundishwe pamoja. Agosti 2007 Nokia walitangaza kwamba betri zipatazo milioni 46 za aina hiyo ya BL-5C, zilizotengenezwa na kampuni ya Matsushita, zingeweza kupata joto kupita kiasi zikichajiwa. Waliahidi kuzibadilisha bure. Mtu alisoma namba nyuma ya betri yake, akaomba nyingine, na simu yake ikabaki mfukoni mwake pamoja na majina na namba zake zote. Mwaka 2016 Samsung nao walipata msiba wa betri katika simu yao iitwayo Galaxy Note 7, ambayo betri yake haikutoka kwa mkono. Simu zipatazo milioni mbili na nusu zilirudishwa nzima nzima, zile walizotoa badala yake nazo zikashika moto, na Oktoba mwaka huo uzalishaji ukasimamishwa kabisa. Ugonjwa ulikuwa ule ule, wa betri. Kwa mgonjwa wa kwanza jino liling'olewa. Kwa wa pili alizikwa mtu mzima.

Nikumbushe pia jambo ambalo watu wa mjini hawakulijua vizuri. Katika vijiji visivyokuwa na umeme, siku ya gulio betri zilisafiri peke yake. Mama alimpa kijana wa baiskeli betri mbili tatu za jirani, zimeandikwa majina kwa kalamu, akazichajishe kituoni na kuzirudisha jioni. Simu yenyewe ilibaki nyumbani. Leo simu ndiyo benki. M-Pesa imekuwapo Tanzania tangu mwaka 2008, na wapo wanaoweka humo akiba yote ya mavuno. Mwenye simu isiyofunguka akitaka chaji hana budi kuiacha simu nzima, na ujumbe wake na fedha zake, kwenye meza ya mtu asiyemjua, pamoja na nyingine thelathini, kuanzia saa tatu asubuhi hadi jioni. Umeme wa jua umepunguza shida hii katika sehemu nyingi, nami nashukuru. Ila haukupunguzwa na aliyeziba simu.

Tulifikaje hapa? Mwaka 2007 Apple walitoa iPhone ya kwanza, nayo haikuwa na betri ya kutoka wala nafasi ya kadi. Wenzao waliokuwa wakiuza simu zinazofunguka walijisifu kwa tofauti hiyo kwa miaka kadhaa, kisha mmoja mmoja wakaingia nyumba ile ile waliyokuwa wakiicheka. Samsung waliondoa vyote viwili, betri ya kutoka na kadi, katika Galaxy S6 ya mwaka 2015. Wateja wakalalamika. Mwaka 2016 Galaxy S7 ikaja na nafasi ya kadi imerudi! Basi iliwezekana. Mwaka 2021, katika Galaxy S21, kadi ikaondolewa tena. Kitu kinachoweza kuondolewa, kurudishwa na kuondolewa tena katika muda wa miaka sita hakiondolewi na sheria ya fizikia. Kinaondolewa na mtu aliyekaa ofisini akipiga hesabu.

Hoja wanayoipenda kuliko zote ni maji. Ati simu haiwezi kuzuia maji na bado ikafunguka. Mwaka 2014 Samsung hao hao waliuza Galaxy S5, yenye kifuniko cha kubandua kwa vidole, betri ya kutoka na memori kadi, na ilikuwa na kiwango cha IP67, yaani kukaa katika maji ya kina cha mita moja kwa nusu saa. Mwaka 2022 wakatoa Galaxy XCover6 Pro kwa watu wa kazi ngumu: betri inatoka, kadi inaingia, na kinga yake ya maji ni kubwa kuliko ile ya S5. Siri yake ni ufito wa mpira unaozunguka kifuniko, kama ule ulio katika saa za mkono. Fundi saa ameifungua na kuifunga saa ya maji tangu ujana wangu. Au tuseme fundi saa wa mtaani ana elimu kubwa kuliko maabara za Seoul na California?

Nitakubali kwamba simu iliyozibwa inaweza kuwa nyembamba zaidi, maana betri ya kutoka huhitaji ganda gumu la kuilinda na nafasi ya ganda hilo huliwa. Milimita moja, pengine mbili. Halafu mnunuzi huichukua simu hiyo nyembamba akaivalisha kava nene la mpira kwa sababu mgongo wake ni wa kioo. Sina zaidi la kusema juu ya wembamba.

Kuhusu kadi, hesabu ni nyeupe zaidi. Mwaka 2023 iPhone 15 ya gigabaiti 128 iliuzwa Marekani dola 799. Ile ya gigabaiti 256, simu ile ile, kioo kile kile, kamera ile ile, iliuzwa dola 899, na ya 512 dola 1,099. Gigabaiti 128 za nyongeza kwa dola 100! Mwaka huo huo memori kadi ya gigabaiti 128 ya kampuni inayoheshimika iliweza kununuliwa kwa dola zisizozidi 20. Nafasi ya kadi ikiwapo, hakuna mwenye akili atakayelipa ile 100. Kwa hiyo nafasi haipo. Hapa ndipo penye mzizi wa maneno yote ya wembamba na maji.

Wataalamu hunijibu kwamba kadi ni za polepole kuliko kumbukumbu ya ndani, na kwamba zipo kadi bandia nyingi. Ni kweli. Nimewahi kuona kadi iliyoandikwa 64 ambayo haikuweza kubeba hata nane; picha ziliingia kama maji katika gunia. Lakini hakuna anayelazimishwa kuendesha programu zake kutoka kwenye kadi. Kadi ni ghala. Picha za harusi, mahubiri, kaswida, vitabu vya kiada vya Taasisi ya Elimu vilivyopakuliwa siku bando lilipokuwapo: vitu hivyo havina haraka. Namfahamu mwalimu wa sayansi, kijana wa kusifiwa, aliyekuwa akiweka vitabu na michoro ya masomo katika kadi moja, na kadi hiyo ikazunguka katika shule nne za kata kama daftari la maendeleo, kila mwalimu akinakili na kumpa mwenzake. Hakuna shilingi ya bando iliyotumika. Siku shule ya tatu walipopata simu mpya za hisani, zote hazikuwa na tundu, na mzunguko ukakatika hapo. Katika simu nyingine tundu lipo, lakini ni lile linalomtaka mtu achague: ama laini ya pili, ama kadi. Nani katika nchi hii ataacha laini ya pili?

"Weka kwenye wingu," wanasema. Wingu ni kompyuta ya mtu mwingine, iliyo mbali, inayofikika kwa bando. Apple hutoa gigabaiti 5 bure, Google 15. Zaidi ya hapo ni kodi ya kila mwezi. Google walikuwa wakipokea picha bila kikomo na bila malipo, watu wakazoea, kisha tarehe 1 Juni 2021 mlango huo ukafungwa na kila picha mpya ikaanza kuhesabiwa. Waswahili walisema fimbo ya mbali haiui nyoka. Mwenye picha zake katika kadi anaweza kufungiwa bando, akafukuzwa kazi, akasahau nywila, na picha bado zimo mfukoni mwake.

Mdogo wangu wa kiume, sasa marehemu, ndiye aliyekuwa na subira ya kukaa na mama yetu. Mwaka 2019, mama akiwa amekwisha kupita miaka tisini, alimrekodi kwa simu yake jioni kadhaa: jinsi ukoo wetu ulivyovuka ziwa, nani alioa wapi, majina ya watoto waliokufa wachanga ambayo hakuna mwingine aliyeyajua, na nyimbo mbili za kulea. Vipande viwili vifupi alinitumia kwa WhatsApp. Vilivyobaki vilikuwa virefu mno, na tulikubaliana kwamba nitavichukua nikienda. Mama akafariki mwaka uliofuata. Simu ile ilikuwa ya bei, zawadi ya mwanawe, haikufunguka na haikuwa na nafasi ya kadi. Betri ikavimba. Alimpelekea fundi mwenye sifa nzuri, na sitamlaumu fundi huyo, kwa maana nilimwona akifanya kazi. Aliipasha joto ili gundi ya kioo cha nyuma ilegee, akaifungua vizuri, kisha akafika kwenye betri yenyewe, nayo imegandishwa chini kwa gundi nyingine. Betri hizi za ndani hazina ganda gumu. Ni mfuko laini. Aliingiza kisu cha plastiki pole pole. Ukatoka moshi, kisha moto mdogo wa buluu, na kabla hajaitupa nje kwenye mchanga, ubao wa saketi ulikuwa umeungua.

Nilimwuliza kama kumbukumbu haiwezi kutolewa. Akaniambia, "Mwalimu, chipu imechomelewa kwenye ubao, na hata nikiibandua, yaliyomo yamefumbwa kwa ufunguo ulio ndani ya prosesa, na prosesa ndiyo hiyo imeungua." Sina ugomvi na kufumba, simu ikiibwa, ufumbaji humlinda mwenyewe. Ugomvi wangu ni kwamba mdogo wangu hakupewa hiari ya kuweka sauti ya mama yake mahali ambapo angeweza kuitoa kwa vidole viwili. Kadi ya shilingi elfu kumi na tano ingetolewa kabla fundi hajawasha mashine yake. Betri ya kutoka isingemhitaji fundi hata kidogo. Walioziba waliziba vyote viwili, na katika dakika ile kimoja kilikiangamiza kingine. Mdogo wangu alifariki mwaka 2023, na vile vipande viwili vifupi ndivyo vilivyobaki. Vyote viwili jumla yake ni dakika sita.

Sasa nitazungumzia wanaoumia kuliko sisi. Simu nyingi zinazoitwa "used", zinazofika Kariakoo kupitia Dubai, zimekwisha kuishi maisha yao ya kwanza kwa watu wengine. Yule wa kwanza alitumia zile mara 500 za betri. Akaiuza kwa sababu ilikuwa inazimika mchana. Anayeinunua huku, mara nyingi kwa mshahara wa mwezi mmoja au miwili, ananunua kioo kizuri, kamera nzuri na betri ya mtu mwingine iliyochoka. Zamani angetoa shilingi elfu chache akaweka betri mpya papo hapo kibandani. Sasa anaingia katika kupasha joto, kubandua na kubahatisha, na betri atakayowekewa hataiona, haijui imetoka wapi, na ikivimba hatajua. Wanaosema kuziba simu kunatulinda dhidi ya betri bandia wafike pale Kariakoo watazame. Bandia zimo ndani tayari. Tofauti ni kwamba zamani tuliziona.

Na ushahidi kwamba betri mpya humrudishia mtu simu yake tuliupata kutoka kwa Apple wenyewe. Desemba 2017 walikiri kwamba programu yao ilikuwa ikipunguza kasi ya iPhone zenye betri zilizochoka, ati zisizimike ghafla. Baada ya kelele za dunia walishusha bei ya kubadilisha betri kutoka dola 79 hadi 29 kwa mwaka 2018, na simu zilizodhaniwa kuwa zimezeeka zikaamka. Februari 2020 Ufaransa iliwatoza faini ya euro milioni 25 kwa kutowaambia wateja. Fikiria basi ni watu wangapi walinunua simu mpya kabla ya Desemba hiyo, wakati walichohitaji ni betri.

Kobalti iliyomo katika betri hizo hutoka sehemu kubwa, karibu asilimia 70 ya ile inayochimbwa duniani, katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, Kolwezi na maeneo ya jirani, ambako watu wanazungumza Kiswahili. Januari 2016 Amnesty International walitoa taarifa juu ya watoto wanaofanya kazi katika machimbo hayo. Simu nzima ikitupwa kwa ajili ya betri, ni lazima shimo jingine lichimbwe na mtu. Mimi niliyetumia maisha yangu kuwatafuta watoto watoro niwarudishe darasani siwezi kulisikia jambo hilo nikaendelea kusoma tangazo la wembamba.

Wapo wasemao kwamba wakati hauwezi kurudi nyuma, na kwamba vijana hawataki tena simu za kufungua. Nilipokwenda dukani mwaka jana, kijana muuzaji aliniamkia vizuri, "Shikamoo mzee," akanionyesha simu yenye kung'aa. Nikamwuliza betri ikichoka nifanyeje. "Ikichoka unanunua nyingine." Betri nyingine? "Simu nyingine, mzee." Hakuwa anafanya mzaha. Amezaliwa katika hali hiyo, na mtu hawezi kudai kitu ambacho hajawahi kuonyeshwa. Kampuni ya Fairphone ya Uholanzi imeendelea kuuza simu janja ambayo betri hutoka kwa mkono na kadi huingia, ya mwaka 2021 na ya mwaka 2023. Kampuni ndogo inaweza; kubwa hazitaki.

Huko Ulaya wameacha kungoja hiari. Julai 2023 Umoja wa Ulaya ulipitisha sheria ya betri inayoweka tarehe 18 Februari 2027 kuwa siku ambayo betri za vifaa vidogo ziwe zinaweza kutolewa na kubadilishwa na mtumiaji mwenyewe. Sheria nyingine yao, iliyoanza kufanya kazi tarehe 20 Juni 2025, inawataka wauza simu wawe na vipuri kwa miaka saba baada ya kuacha kuuza aina hiyo ya simu. Mianya ipo: simu inayozuia maji, na ambayo betri yake inabaki na asilimia 80 baada ya kuchajiwa mara 1,000, imeruhusiwa kuendelea kuzibwa. Wajanja watapita hapo. Hata hivyo tangu siku hiyo ya Juni 2025 kila simu mpya inayouzwa kule hubandikwa lebo inayoonyesha betri yake inastahimili kuchajiwa mara ngapi, na daraja lake la kutengenezeka, kuanzia A hadi E.

Je, sisi hatuwezi? Juni 2016 Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania ilizima simu bandia nchi nzima kwa kutazama namba zake za IMEI. Nchi iliyoweza kuingia katika kila mfuko na kuizima simu ya mwananchi ina uwezo wa kumwuliza mwagizaji maswali mawili bandarini. Vifaa vya mawasiliano huhitaji idhini ya Mamlaka hiyo kabla ya kuuzwa, na Shirika la Viwango lipo. Nimekwisha kuandika barua ya kurasa mbili, nakala kwa mbunge wetu. Nimeomba kwamba lebo ile ile inayobandikwa Ulaya ibandikwe Kariakoo, kwa Kiswahili, pamoja na maneno yanayosema wazi kama betri inatoka kwa mkono au haitoki, na kama kadi inaingia au haiingii. Na kwamba aingizaye simu iliyozibwa alazimishwe kuwa na betri zake halisi nchini kwa miaka saba, kwa bei iliyoandikwa kwenye lebo hiyo hiyo siku ya kuuza.